Mama yuko Marekani na akiba anayo, lakini akiituma yote anakatwa: namna SSI inahesabu pesa uliyogawa

Kila familia ya huku mashariki yenye mtu Bulaya inajua jibu hili. Kuna matanga, kuna mtoto wa kupasuliwa hospitalini, kuna parsele ya kulipa haraka kabla mwenyewe hajampa mwingine. Simu inapigwa Louisville, Dallas au Phoenix, na mama upande wa pili anajibu kwa sauti ya chini: pesa ipo kidogo, lakini nikiituma yote serikali itanikata. Huku watu wanatazamana. Wengine wanasema mama amebadilika, amekuwa mzungu. Wengine wanasema ni bibi ya mtoto wake anayemfundisha uchoyo.

Mara nyingi mama anasema kweli, hata kama yeye mwenyewe hajui kuieleza sheria hiyo vizuri. Wazee wengi wa Kongo walioko Marekani wanaishi kwa msaada wa serikali unaoitwa SSI, na msaada huo hauangalii tu pesa uliyo nayo leo. Unaangalia pia pesa uliyokuwa nayo ukaigawa.

Wakongomani wamekuwa kati ya wakimbizi waliopokelewa kwa wingi zaidi Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Katika mwaka wa hesabu wa serikali uliomalizika Septemba 2024, nchi hiyo ilipokea wakimbizi wanaozidi kidogo 100 000, na karibu 20 000 kati yao walitoka Kongo. Wengi walipitia kambi za Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, Kiziba kule Rwanda, Kakuma kule Kenya. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo wa kupokea wakimbizi, lakini waliokwisha kuingia wapo, na kati yao kuna wazee waliofika na miaka 60, 65, 70. Mzee wa namna hiyo hawezi kupata pensheni ya kawaida, kwa sababu pensheni ya Marekani inaomba karibu miaka kumi ya kazi iliyolipiwa kodi. Mtu aliyelima Fizi au Masisi maisha yake yote, kisha akakaa miaka 15 kambini, ataitoa wapi miaka hiyo kumi?

Ndipo SSI inaingia. Ilianza kulipwa Januari 1974, kwa watu wa miaka 65 na zaidi, vipofu, na walemavu wasio na mapato wala mali ya kutosha. Mwaka 2025 mtu mmoja alipata kwa wingi dola 967 kwa mwezi, na mume na bibi pamoja dola 1 450. Majimbo mengine yanaongeza kidogo. Ni pesa ya kukaa: nyumba, umeme, chakula. Tofauti yake na pensheni ni hii: pensheni mtu ameilipia kwa kazi, hakuna anayemuuliza ana nini benki. SSI ni ya asiye na kitu, na kila mara serikali inaweza kurudi kuuliza kama ni kweli hana kitu.

Kikomo ni dola 2 000 kwa mtu mmoja, na dola 3 000 kwa mume na bibi. Ukipita hapo hata kwa dola moja, mwezi huo hulipwi. Hesabu inafanywa mwanzoni kabisa mwa mwezi, siku ya kwanza. Pesa iliyoingia tarehe 10 inahesabiwa mwezi huo kama mapato. Ikibaki mpaka tarehe 1 ya mwezi unaofuata, imegeuka kuwa mali, yaani akiba. Kuna vitu ambavyo havihesabiwi: nyumba unayokaa ndani yake, gari moja, vyombo vya nyumbani na nguo. Pahali pa kuzikiwa hapahesabiwi, na mtu anaruhusiwa kuweka pembeni mpaka dola 1 500 kwa ajili ya mazishi yake, ikiwa pesa hiyo imetengwa kweli na haichanganywi na nyingine. Wazee wetu wangefaa kujua hilo la mazishi, maana wengi wanaficha pesa ya sanduku chini ya godoro, wakati sheria yenyewe imewapa njia.

Hizo dola 2 000 hazijaguswa tangu 1989. Bei zimepanda, kodi ya nyumba imepanda, kikomo kimekaa palepale. Kama kingefuata bei kingepita leo dola 5 000. Maseneta wawili, Sherrod Brown wa chama cha Demokrati na Bill Cassidy wa chama cha Republikani, waliwahi kupeleka pamoja mswada wa kukipandisha mpaka dola 10 000 kwa mtu mmoja na 20 000 kwa mume na bibi. Haukupita.

Sasa tuje kwenye kugawa. Mtu akisikia kikomo ni 2 000, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kupunguza. Tuseme mama mmoja amefanya kazi miaka minne katika kiwanda cha kukata kuku, ameweka dola 7 500. Anatimiza miaka 65, magoti yanauma, anaacha kazi, anataka kuomba SSI. Mtu wa kanisani anamwambia: huwezi kupata, una pesa nyingi. Basi anamtumia ndugu yake wa Bukavu dola 6 000 amalizie nyumba, anabaki na 1 500, na mwezi unaofuata anaenda kwenye biro ya Social Security akiwa na amani moyoni. Karatasi ya benki inaonyesha 1 500. Hajadanganya.

Lakini katika maswali kuna moja linalouliza kama katika miezi 36 iliyopita uliuza, ulitoa au uligawa pesa au mali yoyote. Sheria hiyo ilitiwa sahihi Desemba 1999, wakati wa Rais Bill Clinton. Inasema kwamba mtu aliyetoa mali yake bure, au aliyeiuza kwa bei ya chini kuliko thamani yake, anaweza kukaa bila SSI kwa muda fulani. Muda huo hautolewi kwa huruma ya karani, unatoka kwenye kugawanya: thamani uliyoitoa bure gawanya kwa kiwango cha juu cha SSI cha mwezi. Kwa mama wetu, 6 000 gawanya kwa 967 ni sita na kitu. Miezi sita bila malipo, kuanzia mwezi unaofuata ule aliotuma pesa.

Miezi sita kwa dola 967 ni dola 5 802. Yaani zawadi ya dola 6 000 imemtoka mara mbili: mara ya kwanza ilipokwenda Bukavu, mara ya pili katika pesa ambayo hakuipata. Na katika miezi hiyo sita nyumba inalipwa kwa dola 1 500 alizobakiza, au na watoto wake.

Kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea hapa, na linawatisha bure. Wakisikia miezi 36 wanafikiri kila aliyetoa zawadi katika miaka mitatu amekatwa miaka mitatu. Si hivyo. Miezi 36 ni umbali ambao serikali inatazama nyuma, na pia ni adhabu ndefu kuliko zote. Adhabu yenyewe inafuata ukubwa wa zawadi, na saa yake inaanza kupiga mwezi unaofuata zawadi, si siku ya kuomba. Kama mama yule angekuwa alituma zile dola 6 000 mwaka mmoja na nusu kabla ya kuomba, miezi yake sita ingekuwa imekwisha zamani. Ili mtu afikie adhabu ya miezi 36 lazima awe ametoa karibu dola 35 000. Kuficha zawadi ya zamani ambayo haingemgharimu kitu, kisha kugundulika kwamba alificha, huo ni msiba wa kujitafutia.

Tena sheria hii haimlengi mama anayetuma dola 50 kila mwezi kwa ajili ya minerval ya mjukuu, akizitoa katika SSI yake ileile, na ambaye akiba yake haijawahi kupita kikomo. Hiyo ni matumizi yake, hakuna anayemkataza. Hatari inaanza pale kuna rundo: pesa ya kazi iliyokusanywa, nyumba iliyouzwa, malipo ya ajali ya gari, urithi, pesa ya bima, na rundo hilo linatoka mara moja kwenda kwa mtu mwingine bila kitu kurudi.

Kutumia kwa ajili yako mwenyewe si kugawa. Mama angeweza kununua kitanda kizuri, gari moja la kumpeleka hospitali, kutengeneza meno, kulipia mazishi yake mapema. Kulipa deni la kweli pia si zawadi, kwa sababu umepata kitu chako hapo nyuma. Lakini deni la mdomo kati ya ndugu, bila karatasi wala shahidi, karani ataliangalia kwa jicho lingine. Kwetu mtu anakopa mbele ya wazee wawili na neno linatosha. Kule lazima tarehe, kiasi na sahihi.

Kuna milango mingine. Kama ulitoa kwa sababu ambayo haihusu kabisa SSI, unaweza kuthibitisha. Ila serikali inaanza kwa kudhani kwamba ulitoa ili upate msaada, na kazi ya kuonyesha kinyume ni yako. Mtu aliyetuma dola 4 000 kwa ajili ya upasuaji wa ndugu yake, wakati yeye bado anafanya kazi na hajui hata SSI ni nini, akileta karatasi za hospitali na tarehe zake, ana hoja ya kusikilizwa. Kama kukosa SSI kutakuacha bila chakula au bila pa kulala na huna pesa nyingine, kuna nafasi ya kuomba usihesabiwe adhabu hiyo. Na kama pesa inarudishwa kwako, adhabu inaondolewa, ingawa hapo unarudi kuwa juu ya kikomo kama mwanzo. Huku nyumbani tunajua vizuri: pesa iliyokwisha kugeuka mabati na simenti hairudi Marekani.

Kichwa kinachouma zaidi ni parsele. Hakuna familia ya Kivu au Ituri ambayo haina ardhi pahali fulani, na swali la mali halisimami kwenye mpaka wa Marekani. Nyumba ambayo hukai ndani yake ni mali, iwe Ohio, iwe Kadutu. Kama ni yako, una haki ya kuiuza na inawezekana kuuzika, thamani yake inaingia katika zile dola 2 000. Kiwanja cha dola 8 000 pale Uvira kinatosha kumtoa mama kwenye SSI.

Ndiyo sababu wengine wanafanya haraka kumwandikia mpwa: chukua, iwe yako. Hiyo ni zawadi, na inahesabiwa kama pesa. Wengine wanaiuza kwa ndugu kwa bei ya undugu. Kiwanja cha dola 10 000 kikiuzwa kwa 3 000, zile 7 000 zinazobaki zinahesabiwa umezitoa bure. Ukiiuza kwa bei ya soko hakuna zawadi hapo, lakini dola 10 000 zimekaa mkononi, na mwezi unaofuata uko juu ya kikomo mpaka uzitumie kwa halali.

Hata hivyo kabla ya kuogopa, familia iulize kwanza: parsele hii ni ya nani hasa? Tunasema nyumba ya mama kwa heshima, kumbe ilikuwa ya marehemu baba. Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi wa baba yao. Basi nyumba hiyo mara nyingi si ya mama peke yake, na kinachoweza kuhesabiwa kwake ni fungu lake tu. Shamba la ukoo lililo chini ya mwami, ambalo mama alilima lakini hana uwezo wa kuliuza, si mali ya kuuzika kwake. Na ardhi iliyo pahali ambapo vita vimewafukuza wakaaji, hakuna mnunuzi wala hati inayoheshimiwa, hiyo pia inaelezwa na kuthibitishwa. Karani wa Kentucky hajui Masisi iko wapi. Mwenye kujua ni sisi: barua ya chefu wa avenue au wa groupement, nakala ya hati, karatasi inayoonyesha majina ya waliorithi, bei ya viwanja vya jirani. Ndugu walio huku wanaweza kumsaidia mama kwa karatasi hizo kuliko kwa kitu kingine chochote, na hazimgharimu mtu dola elfu.

Akiba nyingine inayoleta matata haionekani kama akiba. Mtoto wa kiume anafanya kazi Amazon, hataki bibi yake ajue ana kiasi gani, anaweka makuta yake kwenye konti ya mama. Au anaandikisha jina la mama kwenye konti yake ili amtolee pesa kwa urahisi. Kwa Social Security, konti ikiwa na jina la anayepata SSI, pesa yote inadhaniwa kuwa yake mpaka athibitishe kinyume. Halafu mtoto anatoa dola 5 000 zake akanunue gari, na kwa macho ya karani mama ametoa zawadi ya dola 5 000. Mama hakuzigusa. Hakujua hata zilikuwapo.

Likelemba ni vilevile. Wamama wa kanisa wanachanga dola 300 kila mwezi, kumi wanakutana, zamu ya mama inafika na dola 3 000 zinaingia tarehe 27. Siku nne baadaye ni tarehe moja. Mama anaogopa, anamwachia dada yake zote amwekee, na sasa kuna mambo mawili ya kueleza badala ya moja. Afadhali kuchukua zamu mwanzoni mwa mwezi na kuwa na la kununua tayari, au kuwa na kikundi kidogo chenye fungu dogo.

Serikali inajuaje? Kwa benki za Marekani inaweza kuuliza kwa kompyuta, na aliyeomba SSI ameiruhusu kwa sahihi yake. M-Pesa ya Bukavu haiko kwenye kompyuta hiyo, na wengi wanajitegemea hapo. Lakini fomu inajazwa kwa kiapo. Anayesema uongo kwa kujua anaweza kusimamishwa miezi 6 mara ya kwanza, 12 mara ya pili, 24 baadaye, mbali na kurudisha alichokula. Kawaida mambo haya yanafumuka kwa njia ya ajabu: binti anaomba uraia, anaandika kwamba familia ina nyumba Goma; au mama mwenyewe, katika mahojiano ya kawaida, anajisifu kwamba amemjengea mdogo wake nyumba ya vyumba vitatu.

Ikigundulika kwamba mtu alilipwa wakati hakustahili, inakuja barua ya deni. Deni la SSI kwa kawaida linakatwa asilimia 10 kila mwezi mpaka liishe. Barua hiyo si hukumu ya mwisho. Mtu ana siku 60 za kukata rufaa, na akifanya hivyo ndani ya siku 10 baada ya kupata barua ya kukatwa, malipo yanaweza kuendelea wakati wanachunguza. Anaweza pia kuomba asamehewe deni kama kosa halikuwa lake na hana uwezo. Wazee wengi wanaipoteza nafasi hii kwa sababu barua ilikaa mezani ikisubiri mjukuu arudi shuleni aisome. Biro ya Social Security inatoa mkalimani bila malipo. Mjukuu wa miaka 12 si mkalimani wa mambo ya sheria.

Katika majimbo mengi anayepata SSI anapata na Medicaid, ile inayolipia hospitali na dawa. SSI ikikatwa, mama aulize mara moja kuhusu Medicaid kivyake, asidhani vyote vimekwenda pamoja. Na kwa mwenye kuhitaji nyumba ya wazee, au mtu wa kumhudumia nyumbani kila siku kwa gharama ya Medicaid, kuna hesabu nyingine kali zaidi: tangu sheria ya 2006 wanatazama nyuma miezi 60, na pale adhabu haianzi siku ya zawadi, inaanza wakati mtu amekwisha kuomba na ameishiwa. Ndugu wanaopanga kugawana pesa ya koko anayeanza kusahau majina wamwone mwanasheria kwanza. Miji mingi ina biro za msaada wa sheria zisizolipisha maskini.

Kwa wakimbizi kuna jambo moja zaidi ambalo, kwa maoni yetu, halina haki ndani yake. Mkimbizi ambaye hajapata uraia anapewa SSI kwa miaka 7 tu. Ukifika mwaka wa saba bila uraia, inasimama, hata kama una miaka 80. Mzee asiyejua kusoma anaona mwaka huo unakaribia, anataka kujiwekea kitu cha siku hizo. Hawezi: akiweka zaidi ya dola 2 000 anakatwa leo, akimpa mtoto wake amwekee anahesabiwa zawadi. Sheria inayomwambia kwamba siku moja itamwacha ndiyo ileile inayomkataza kujitayarisha. Njia iliyobaki ni kuanza mapema karatasi za uraia, ambazo mkimbizi anaweza kuziomba baada ya miaka mitano, na kwa mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza Kiingereza, daktari anaweza kujaza fomu N-648.

Mlemavu mdogo kwa umri ana nafuu kidogo. Yule ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 26, umri ambao tangu Januari 2026 umepandishwa mpaka miaka 46, anaweza kufungua konti ya ABLE, na mpaka dola 100 000 zilizomo humo SSI haizihesabu. Wazazi wenye mtoto mlemavu wasiweke pesa yake kwenye konti ya kawaida.

Tusidhani ni Marekani tu. Ubelgiji, ambako wazee wengi wa Kongo wamekaa zamani, kuna msaada wa wazee wenye mapato madogo unaoitwa GRAPA. Wenyewe wanauliza kuhusu mali uliyouza au kutoa katika miaka 10 kabla ya kuomba, na nyumba ya Kinshasa au ya Bukavu inahusika. Huko hakuna kikomo kimoja kinachokutoa, akiba inageuzwa kuwa mapato ya kudhaniwa na msaada unapunguzwa kufuatana nayo. Ufaransa, kwa ASPA, wanaangalia pia ulichowapa watoto, na ukifa wanaweza kudai sehemu ya walichokulipa katika urithi wako kama urithi ni mkubwa. Anayebeba ushauri wa binamu wa Bruxelles kuupeleka Texas, au wa Texas kuuleta Bruxelles, anampoteza mwenzake.

Safari pia inahesabiwa. Mama akija huku kwa matanga akakaa siku 30 au zaidi nje ya Marekani, SSI inasimama, na akirudi lazima akae siku 30 mfululizo ndani ya nchi kabla haijaanza tena. Ubelgiji, anayepata GRAPA ana siku 29 kwa mwaka.

Kwa hiyo familia inapokutana kuchanga, majina yapangwe kwa akili. Mtoto anayefanya kazi na asiyepata msaada wowote anaweza kutuma dola 3 000 bila kumuuliza mtu. Mama mwenye SSI atoe kidogo chake cha mwezi, na jina lake lisitumiwe kupitishia pesa za wengine, hata kwa siku mbili. Akiwa amekwisha kutuma kitu kikubwa, aseme kwenye biro kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, ndio muda wa kutoa habari za mabadiliko. Abebe karatasi ya Western Union au ya simu yenye tarehe na jina la aliyepokea, karatasi ya benki ya mwezi huo, na kutoka huku barua ya hospitali, ya shule au ya msiba inayoonyesha pesa ilifanya nini. Aliyepokea asiitupe risiti. Baada ya miaka miwili inaweza kupigwa simu kutoka Louisville kuiomba.